Miaka 21 Bila Riwaya

Zipange riwaya za Chinua Achebe kwenye rafu kwa kufuata miaka zilipotoka. Things Fall Apart, 1958. No Longer at Ease, 1960. Arrow of God, 1964. A Man of the People, 1966. Riwaya nne ndani ya miaka minane. Halafu ya tano, Anthills of the Savannah, 1987. Kati ya ya nne na ya tano imepita miaka 21. Mtoto aliyezaliwa ya nne ilipoingia madukani alikuwa mtu mzima ya tano ilipotoka.

Wengi wetu tulikutana na Achebe darasani, wengine kwa Kiingereza, wengine kupitia Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute. Tulijibu maswali kuhusu Okonkwo na viazi vikuu vyake, tukafaulu au tukafeli, tukaendelea na maisha. Pengo lile sikuliona wakati huo. Nililiona baadaye sana, mwaka ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuandika. Kaka yangu alikuwa amefariki, na tangu mazishi kila nilipofungua faili la riwaya niliyokuwa nimeifikisha nusu, nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasahihisha mkato mmoja au miwili, nikafunga. Miezi ikageuka miaka miwili. Nikaanza kusoma habari za waandishi waliokwama kabla yangu, nikitaka kujua walitokaje. Ndipo nilipokutana tena na Achebe, safari hii nikiwa na swali jingine kabisa: kwa miaka 21, mtu huyu alikuwa akifanya nini?

Hali yenyewe tunaijua kwa majina mengi. Tunasema fulani amekwama, au wino umemkaukia. Jina linalotumika leo kwa Kiingereza lilienezwa na Edmund Bergler, mtaalamu wa nafsi aliyehamia New York kutoka Vienna, aliyeandika juu ya jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1940. Bergler alikuwa mfuasi wa Freud, na aliamini kwamba chanzo cha kukwama kimo ndani ya mwandishi mwenyewe, kwenye vinyongo vya utoto wake wa mwanzo kabisa. Leo ni wachache wanaomsoma, lakini ushauri mwingi tunaopewa bado unafuata njia yake: tatizo ni wewe. Amka alfajiri. Zima simu. Andika maneno 500 kwa siku hata kama hayana maana. Ushauri huo una faida zake. Mimi niliujaribu, na kwa wiki tatu niliandika maneno 500 kwa siku ambayo kweli hayakuwa na maana.

Historia ya Achebe inaanzia pengine. Chanzo cha kukwama kwake, kama hilo ndilo neno sahihi, hakihitaji kutafutwa utotoni. Kimo kwenye magazeti ya mwaka 1966.

Mwanzoni mwa mwaka huo Achebe alikuwa na umri wa miaka 35, akiishi Lagos, akiwa mkurugenzi wa matangazo ya nje katika shirika la utangazaji la Nigeria. Pia alikuwa mhariri wa mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika wa kampuni ya Heinemann, kazi aliyoianza mwaka 1962. Riwaya yake ya nne ilikuwa inatoka mwezi huo wa Januari. Ilihusu waziri mla rushwa na mwalimu kijana anayempinga, na ilimalizika kwa wanajeshi kupindua serikali. Tarehe 15 Januari 1966, maofisa vijana wa jeshi la Nigeria walipindua serikali kweli. Waziri mkuu, Abubakar Tafawa Balewa, aliuawa.

Kwa mwandishi yeyote, kubashiri kiasi hicho kungekuwa fahari. Kwa Achebe kukawa hatari. Wengi wa maofisa waliopindua serikali walikuwa Waigbo kama yeye, na kukazuka wazo kwamba mapinduzi yale yalikuwa njama ya Waigbo. Kuna waliojiuliza mtu angewezaje kuandika mapinduzi kabla hayajatokea kama hakuyajua. Julai mwaka huo yakafuata mapinduzi ya kulipiza kisasi. Watu wa asili ya Mashariki waliokuwa wakiishi Kaskazini wakauawa kwa maelfu, na waliosalia wakakimbilia kwao. Wanajeshi wakamtafuta Achebe ofisini kwake. Akajificha. Mkewe Christie na watoto wakaondoka Lagos kwa meli hadi Port Harcourt, naye baadaye akawafuata Mashariki.

Nikifika hapa katika habari hii huwa nasimama. Tumezoea kufikiri kwamba mwandishi aliyekwama ameogopa ukurasa mweupe. Achebe alikuwa ameujaza ukurasa, na kwa kuujaza karibu auawe. Riwaya aliyoiandika kwa dhihaka na kicheko ilikuwa imegeuka ushahidi dhidi yake. Angeketi mezani vipi wiki iliyofuata na kuanza sura ya kwanza ya nyingine?

Alichofanya ni kuanzisha shirika la uchapishaji. Mwaka 1967, mjini Enugu, yeye na rafiki yake Christopher Okigbo walifungua Citadel Press. Okigbo alikuwa mshairi, kwa maoni ya wengi mshairi mkubwa kuliko wote wa kizazi chake Nigeria. Mswada mmoja wa mwanzo waliopokea ulitoka kwa John Iroaganachi: hadithi ya watoto kuhusu jinsi mbwa alivyokuja kuishi na binadamu. Achebe alianza kuihariri, lakini kadiri alivyoihariri ndivyo ilivyobadilika mikononi mwake, hadi ikawa habari ya chui: wanyama waliojenga nyumba ya pamoja, mbwa aliyewafukuza wenziwe, na chui aliyelazimika kwenda kwa mhunzi kutafuta kucha. Hadithi ya kulalia watoto ilikuwa imenywa nchi nzima. Nayo ilianza kama kazi ya kusahihisha mswada wa mtu mwingine.

Tarehe 30 Mei 1967 Jimbo la Mashariki lilijitangaza kuwa nchi huru ya Biafra. Vita vilianza Julai. Okigbo aliacha uchapishaji akavaa sare za jeshi, na katika mwaka huo huo aliuawa katika mapigano karibu na Nsukka. Achebe aliisikia habari hiyo kwenye redio akiwa garini. Alipofika nyumbani na kuitoa, mwanawe mdogo alimwomba baba yake asimwache Okigbo afe. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1978, Achebe na Dubem Okafor walipokusanya mashairi ya kumkumbuka Okigbo, maneno ya mtoto yule ndiyo yaliyokuwa jina la kitabu: Don't Let Him Die.

Nyumba ya Achebe mjini Enugu ilipigwa bomu. Familia ilinusurika, lakini ikawa inahama kila mji ulipotekwa. Njaa ikaingia, hasa kwa watoto. Makadirio ya waliokufa katika vita vile yanatofautiana, ila mara nyingi hutajwa milioni moja na zaidi. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, Aprili 1968, kwa uamuzi wa Mwalimu Nyerere ambao ulimtenga na viongozi wengi wenzake. Achebe alizunguka Ulaya na Marekani akiitetea nchi ambayo mipaka yake ilikuwa inazidi kusogea ndani. Mwaka 1969 aliongoza kamati iliyoandaa Azimio la Ahiara, waraka wa itikadi ya Biafra. Januari 1970 Biafra ilisalimu amri.

Katika miaka hiyo mitatu hakuandika riwaya. Alipoulizwa wakati wa vita, alieleza kwamba riwaya ilikuwa mbali na hali aliyokuwa nayo. Kilichowezekana kwake ni kitu kifupi na kikali, na kitu hicho ni ushairi. Ndivyo alivyofanya. Aliandika shairi juu ya mama mkimbizi anayechana nywele za mtoto anayekaribia kufa, kwa utulivu, kama mama anayemwandaa mwana kwenda shule. Aliandika jingine, alilomtolea Okigbo, juu ya mche wa mwembe uliochipua juu ya zege la jengo la ofisi. Mche ule hauna udongo. Unaishi kwa akiba iliyomo ndani ya kokwa yake tu, na akiba hiyo ina mwisho.

Shairi hilo la mche nililisoma mara nyingi mwaka wangu wa ukimya. Mara ya kwanza niliona huzuni tu. Baadaye niliona kwamba aliyelitunga hakuwa mtu aliyekaukiwa. Alikuwa ametambua kwamba udongo wa riwaya haupo, maana riwaya inahitaji miezi ya utulivu na imani kwamba kesho itafanana kidogo na leo. Basi akaandika kwa kiasi cha akiba aliyokuwa nayo, kurasa mbili kwa wakati mmoja.

Mashairi hayo yalichapishwa Enugu mwaka 1971 kwa jina Beware, Soul Brother, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikawa miongoni mwa washindi wa kwanza wa tuzo ya ushairi ya Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo mtu anayesema Achebe alinyamaza baada ya 1966 hajahesabu vizuri. Mwaka 1971 alianzisha jarida la fasihi, Okike, akiwa Chuo Kikuu cha Nsukka, katika mji ambao vita viliuharibu vibaya. Mwaka 1972 zikatoka hadithi fupi, Girls at War, na mwaka huo huo kile kitabu cha chui. Mwaka 1975, akifundisha Amherst nchini Marekani, alitoa mhadhara juu ya Joseph Conrad ambao bado unazua ubishi katika vyuo vya fasihi. Mwaka 1976 alirudi Nsukka. Mwaka 1977 alitoa vitabu viwili vya watoto. Mwaka 1981 alishiriki kuanzisha chama cha waandishi wa Nigeria. Mwaka 1983 akaandika The Trouble with Nigeria, kijitabu kinachobeba hoja kwamba tatizo la nchi yake ni uongozi, na mwaka huo huo akajiingiza katika siasa za chama.

Hebu tuiangalie orodha hiyo kama anavyoitazama mwandishi aliyekwama. Ushairi, hadithi za watoto, uhariri wa kazi za wengine, hadithi fupi, mihadhara, kijitabu cha siasa. Hakuna hata kimoja ambacho wasomaji walikuwa wakikisubiri. Walisubiri riwaya ya tano, na kila kitabu kilichotoka kingeweza kuonekana kama njia ya kuikwepa.

Kisha soma Anthills of the Savannah uone kilichomo. Riwaya inatokea Kangan, nchi ya kubuni inayotawaliwa na mwanajeshi, na inawafuata watu watatu walio karibu na utawala: Chris, waziri wa habari, Ikem, mhariri wa gazeti na mshairi, na Beatrice, ofisa wa serikali. Ndani yake mna utenzi wa nathari juu ya jua na ukame, na aliyeuandika ni mkono uliofunzwa na mashairi ya vitani. Mna hoja juu ya uongozi ambazo zilijaribiwa kwanza mwaka 1983. Mna mhariri anayejua uzito wa neno moja gazetini, na Achebe alikuwa amehariri kwa zaidi ya miaka ishirini. Wasimuliaji ni zaidi ya mmoja, kana kwamba mwandishi ameacha kuamini kwamba sauti moja inatosha kueleza nchi iliyovunjika. Na katikati yake yumo mwanamke anayefikiri, anayesimulia na anayebaki hai. Wasomaji waliowahi kulalamika kwamba wanawake wa riwaya za mwanzo walikaa pembeni walipata hapa jambo jipya la kujadili.

Riwaya ile isingeweza kuandikwa mwaka 1967. Hilo ndilo ninaloliona katika pengo lile la rafuni. Tunapozungumza juu ya kurudi kwenye uandishi, tunaongea kana kwamba kuna mahali tulipopaacha na tutapakuta vilevile, kiti, meza na sentensi iliyokatika katikati. Achebe hakurudi mahali pale. Mtu aliyeandika riwaya ya nne alikuwa na rafiki aitwaye Okigbo na nchi aliyoweza kuicheka. Wa riwaya ya tano alikuwa amevipoteza vyote viwili, na alihitaji miaka na maumbo mengine ya maandishi ili ajue namna ya kuandika akiwa mtu huyo mpya. Vitabu vilivyoonekana kama ukwepaji ndivyo vilivyokuwa barabara.

Lakini sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi. Ukimya una gharama, na gharama yake haionekani kwa sababu vitabu visivyoandikwa havikai rafuni. Okigbo hakupata miaka 21 ya kujipanga upya. Hata Achebe hakuandika riwaya nyingine baada ya 1987. Mwaka 1990 alipata ajali ya gari iliyompooza kuanzia kiunoni, akaishi Marekani miaka mingi, na akafariki Machi 2013. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alitoa kitabu cha kumbukumbu za Biafra, There Was a Country. Vita vilikuwa vimeisha miaka 42 iliyopita. Na katikati ya nathari ya mzee huyo wa miaka zaidi ya themanini, aliyaweka tena mashairi yaliyotokana na vita vile. Yale aliyoyaandika kwa akiba ya kokwa yalikuwa bado yanaishi, na mzee aliyahitaji.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokuwa sijakihesabu. Usiku wa kuamkia mazishi ya kaka yangu, ndugu walinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa sababu, walisema, mimi ndiye mwandishi. Niliuandika jikoni, ukurasa mmoja, kwa kalamu ya kuazima, huku akina mama wakiosha masufuria. Ulisomwa kesho yake mbele ya jeneza. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, ameacha mke na watoto wawili. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisema kwamba tangu kaka afariki sijaandika kitu, kumbe kitu cha kwanza nilichokiandika baada ya kifo chake kilikuwa juu yake, na kilikamilika kwa wakati.

Niliutafuta ukurasa ule nikaupata ndani ya Biblia ya mama. Sikufungua faili la riwaya. Nilianza kuunakili wasifu, na kila sentensi ilipoisha niliongeza kile ambacho hakikuweza kusomwa mbele ya waombolezaji: kwamba aliajiriwa na akaacha kazi mara tatu, kwamba alikuwa na deni dukani ambalo mwenye duka alikataa kulipwa, kwamba alipiga mluzi akiwa na hofu na hakujua kwamba tunajua. Zikawa kurasa nne. Si riwaya, wala hazitakuwa.

Anthills of the Savannah inaisha kwa sherehe ya kumpa mtoto jina. Ikem ameuawa. Chris naye ameuawa. Waliobaki wanakusanyika nyumbani kwa Beatrice kumpa jina binti aliyezaliwa baada ya kifo cha baba yake, Ikem. Kwa desturi mwanamume ndiye angetoa jina, lakini Beatrice anaifanya kazi hiyo mwenyewe, na jina analolichagua kwa kawaida hupewa wavulana: Amaechina. Kwa Kiigbo maana yake ni ombi, kwamba njia isifungwe kamwe.

Mtu aliyekaa miaka 21 bila riwaya aliifunga riwaya yake kwa ombi hilo. Faili langu la zamani bado lipo kwenye kompyuta na bado sijalifungua. Zile kurasa nne nimezipeleka kwa shemeji yangu. Amezisoma, akanirudishia akiwa ameongeza pembeni kwa mwandiko wake mambo mawili ambayo sikuyajua.